Hata Masizi Hucheza

Mansuetus alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kijiji kizima, nao sio huu nitakaousimulia. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa mdomo. Jambo zuri halikulala humo hata siku moja. Akipata habari njema alfajiri, jua halijafika utosini wameshaisikia walioko kwenye mzani wa kahawa, walioko kilabuni, na padre akiwa bado anavaa viatu. Kijiji chao kiko chini kidogo ya Litembo, mahali ambapo nyumba moja imekaa mgongoni mwa kilima na ya jirani imekaa mgongoni mwa kilima kingine, na watu husalimiana kwa kuvusha sauti bondeni. Koo la Mansuetus lilikuwa limeumbwa kwa nchi hiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko la kahawa lilipofunguliwa. Zamani mkulima alipeleka kahawa ushirika, akangoja, akazeeka kidogo, ndipo akalipwa. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao, kila mmoja na mzani wake na uongo wake. Huyu anaita kutoka njia panda, yule anaita kutoka uwanja wa shule. Siku moja Mansuetus alizunguka na gunia kichwani tangu asubuhi, akisukumwa na kila aliyefungua kinywa: huku wameongeza, kule wameongeza zaidi, rudi huku, kule ni wezi. Jioni aliuza kwa mnunuzi wa kwanza kabisa, hatua chache kutoka pale alipoanzia, shingo imeingia kifuani. Alimwambia mkewe kwamba alikuwa anasoma soko.

Hata hivyo bei ilikuwa nzuri. Ilisemekana kwamba Brazili kahawa imeungua kwa baridi, na watu wa Mbinga waliiombea Brazili, ingawa si kwa bidii. Wasio na bati wakaezeka bati. Wenye bati wakanunua redio. Wenye redio wakaanza kutazamatazama mabinti wa watu, na hapo ndipo ndugu wa Mansuetus walipokumbuka kwamba ndugu yao ana bati, ana redio, na hana mtoto.

Mkewe aliitwa Vitalia. Walifunga ndoa kanisani, kwa kwaya na keki, na miaka ilikuwa imepita ya kutosha kwa waliozaliwa mwaka ule kuanza shule. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na mkono wake ulikuwa na baraka ya mimea; alichokichomeka ardhini kilishika. Yeye mwenyewe hakushika mimba. Basi lawama zote zikawa zake, kwa kuwa ukoo ulikuwa umeshaamua tangu enzi za mababu kwamba tumbo ni la mwanamke na kila kinachokosekana tumboni amekificha yeye.

Tena ukoo ulikuwa na ushahidi. Joakim, mtoto wa baba mdogo wa Mansuetus, alikuwa ameoa Restituta, hakuzaa, akamrudisha kwao. Restituta akateremka ziwani, akaolewa na mvuvi wa Ngumbo, na mwaka haukupita akajifungua. Akajifungua tena. Sasa ukiwa na akili za kawaida utasema nini? Wazee wa ukoo walikaa, wakatafakari maajabu hayo kwa mapana yake, wakatoka na jibu: ni dagaa. Samaki wa ziwani humfungua mwanamke. Tangu hapo Marselina, dada mkubwa wa Mansuetus, akawa anamletea wifi yake dagaa kila siku ya gulio na kusimama mlangoni kuhakikisha zimeliwa. Vitalia alizila za kukaanga, za kuchemsha, za kuunga na karanga, mpaka paka wa majirani wakahamia kwake. Joakim naye alioa mwingine. Huyo wa pili alikuwa bado anangoja, lakini hakuna aliyeuliza anangoja nini.

Kwa Wamatengo, wenyeji wa vilima hivyo, kuna sengu. Wanaume wa ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula, wanakula pamoja, na wakishashiba wanakata mashauri. Husifiwa kwamba ni shule, ni mahakama, na ni ghala la mwenye njaa. Sikatai. Ila pia ni mahali ambapo wanaume walioshiba ugali hujadili tumbo la mwanamke aliyeusonga. Mkubwa wa sengu hii alikuwa baba mkubwa Othmar, mzee mwenye masikio mazuri sana kwa lile alilotaka kulisikia.

"Mali ya huyu nani ataila?" aliuliza Othmar jioni moja, akimwelekezea Mansuetus mfupa. "Kahawa ikishavunwa, mama huyo arudishwe kwao. Kwa heshima. Kisha tutafute mwingine."

"Mimi nilimrudisha Restituta na sijafa," alisema Joakim.

Mansuetus alikuwa na nyama mdomoni, akaitafuna muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alimpenda Vitalia. Nalisema mimi kwa sababu yeye, pamoja na mdomo wake wote, siku hiyo hakulisema. Alisema tu, nyama ilipokwisha, kwamba atafikiria.

Nyumbani Vitalia alikuwa ameshasikia. Bonde lile halifichi kitu.

"Mimi nilishapimwa," alisema. "Sista wa zahanati alisema sina kasoro, mume wangu aje na yeye. Nimekwambia mwaka hadi mwaka."

"Mwanamume hapimwi, Vitalia."

"Dume la ng'ombe mnalizunguka mara tatu kabla hamjalinunua. Nenda kapimwe. Mficha uchi hazai."

Akaenda. Usidhani alikwenda kwa unyenyekevu. Alikwenda kwa uhakika kwamba atatoka na ushindi, na ushindi ni kitu alichokipenda. Hakuwaza kwamba katika mashindano ya watu wawili, akishinda yeye, wa kushindwa ni Vitalia.

Zahanati ya masista ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Kwenye chumba cha maabara alimkuta dada mmoja mnene kiasi, mcheshi, mwenye koti jeupe, jina lake Herieth, mzaliwa wa Ngumbo. Mansuetus alipomwona ni mtu wa ziwani alijisikia nafuu. Aibu mbele ya mtu asiyekuwa wa kwenu ni nusu ya aibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuthibitisha tu," alisema Mansuetus.

Herieth hakucheka. Alimpa kichupa, akamweleza bila kupindapinda kinachotakiwa kiwemo, akamwonyesha chumba cha stoo. Humo kulikuwa na magodoro mabovu na sanamu za Noeli zilizohifadhiwa hadi Desemba. Mtakatifu Yosefu wa plasta, aliyevunjika pua, alikuwa anamtazama ana kwa ana. Mansuetus alimgeuza akatazama ukuta, akamwomba radhi, akamgeuza na punda pia kwa tahadhari.

Hadubini ilikaa dirishani, ikinasa mwanga wa jua kwa kioo chake kidogo. Herieth aliweka tone juu ya kipande cha kioo, akainama, akatazama. Akasogeza. Akatazama tena.

"Na mimi nione vitu vyangu," alisema Mansuetus.

Herieth alisita, kisha akampisha. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu likatokea duara jeupe, na ndani yake, Bwana asifiwe, vidoa vidogo vidogo visivyohesabika, vyote vikitetemeka, vikirukaruka huku na huku, havitulii hata kidogo.

"Wanacheza!" alipiga kelele. "Dada, wanacheza!"

"Baba, subiri kwanza nikueleze..."

Lakini kofia ilikuwa tayari kichwani, na mwenye kofia alikuwa ameshavuka maua ya masista. Herieth alifika mlangoni akashika kizingiti. Mambo ya mgonjwa hayapigiwi kelele njiani; akarudi ndani akiuma mdomo.

Mansuetus alianza kutangaza kwenye mzani. "Nimejiona kwa macho yangu," aliwaambia watu waliopanga foleni na magunia. "Timu nzima ipo uwanjani, na wa akiba juu." Kanisani aliwakuta kina mama wakifanya usafi, Marselina akiwamo, na dada huyo akatupa ufagio, akapiga vigelegele mbele ya altare. Kilabuni alinunulia watu pombe. Walimpongeza kama aliyezaa mapacha. Joakim alimpiga bega kwa furaha.

"Basi kesi imekwisha," alisema Joakim. "Mwenye kosa amejulikana. Jumapili sengu inakaa, Jumatatu anarudi kwao."

Hapo ndipo Mansuetus alipoweka kikombe chini, akaenda nyumbani.

Alimkuta Vitalia chumbani akikunja vitenge, kimoja kimoja, akivipanga kwenye sanduku.

"Vitalia, mimi sikusema ni wewe."

"Ulikuwa na haja ya kusema?"

"Sengu haijaamua."

"Wameamua. Wanasubiri tu nipike." Alinyoosha kitenge kwa kiganja. "Sina hasira na wewe, Mansuetus. Kama ni mimi, ni mimi. Nilitaka tu kujua."

Ingekuwa heri angemtupia kinu. Mansuetus alitoka nje, akakaa chini ya kichanja cha kahawa, na kwa mara ya kwanza hakuutaka ushindi wake. Lakini hakuona cha kufanya. Alikuwa amejiona kwa macho yake.

Siku mbili kabla ya Jumapili, mama mmoja aliyetoka kliniki alimletea salamu: dada wa maabara anasema kipimo hakijaisha, arudi. Mansuetus alijua wanataka kumpa sifa zake kwa maandishi. Akabeba na kuku wa asante.

Herieth alimfunga kuku kwenye mguu wa meza, akafunga mlango.

"Baba, uliona vinatikisika, na ni kweli vinatikisika. Lakini kutikisika si kuwa hai."

"Kisicho hai hakichezi, mwanangu. Hilo halihitaji shule."

"Basi niletee kitu chochote ambacho wewe mwenyewe unajua hakina uhai."

Mansuetus alicheka. Alikwenda mwenyewe jikoni kwa masista, akageuza sufuria kubwa, akakwangua masizi kwa kisu. Maji aliyataka ya kuchemka, na akasimama kando ya birika hadi lilipotoa mvuke kwa nguvu, ili kama kuna mdudu amejificha humo afe na ajulikane amekufa. Hakumwamini sana mtu wa ziwani katika mambo ya maji. Maji yalipopoa, alitia masizi kwa mkono wake, akatikisa, na Herieth akachukua tone.

Akainama. Duara jeupe likatokea. Ndani yake vidoa vyeusi vilikuwa vikitetemeka, vikirukaruka huku na huku, havitulii hata kidogo. Vile vikubwa vilisitasita. Vile vidogo vilicheza kama vimelewa.

Alitazama muda mrefu, mpaka shingo ikamuuma. Kuku aliongea, hakuna aliyemjibu.

"Masizi yana roho?" aliuliza mwishowe.

"Hayana."

"Nani anayasukuma?"

"Maji."

"Maji yametulia, nayaona."

"Yametulia machoni pako," alisema Herieth. "Maji yenyewe ni chembe ndogo mno, hata mashine hii haizioni. Na kwa kuwa yana joto, chembe hizo hazikai. Zinakimbia, zinagongana, na chochote kilichomo zinakigonga kutoka kila upande. Sasa hivi kulia wamegonga wengi kidogo, kinaruka kushoto. Punde kushoto wamezidi, kinarudi. Huwaoni wanaosukuma; unamwona anayesukumwa."

"Kwa nini kisipate sukumo moja zuri kikaenda zake?"

"Kitaenda wapi? Hao hao wanaokisukuma ndio wanaokizuia. Kikianza kukimbia upande mmoja, kinakutana na wengi zaidi mbele yake, wanakipunguza."

Mansuetus aliomba maji ya moto zaidi. Herieth akampashia, akaweka tone jingine, na masizi yakacheza kwa fujo zaidi. Akaomba ya baridi ya mtungini. Yakapunguza, ila hayakuacha. Jambo hili lilimuudhi, na pia, alikiri baadaye, lilimpendeza, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya hata yanapomchoma.

"Kama mimi na gunia langu," alisema.

Akamsimulia siku ile ya mizani. Herieth alicheka mpaka akashika meza.

"Ulitembea sana, baba?"

"Mchana kutwa."

"Ukafika wapi?"

"Pale pale."

"Ndiyo hiyo hiyo. Sasa tazama hiki." Alichovya kijiti kwenye pipa la maji ya mvua, akaweka tone. Katikati ya vumbi lililotetemeka alipita mdudu mmoja, amenyooka, akakata kona, akagonga kitu, akarudi nyuma, akachagua njia nyingine, akatoka nje ya duara. Mansuetus alimfuata kwa kusogeza kioo hadi akampoteza.

"Huyu ana safari," alisema taratibu.

"Huyu yuko hai. Sisi wa maabara ndivyo tunavyojua: kinachotetemeka tu papo hapo tunakiacha, tunatafuta kinachokwenda."

Hakuuliza swali lililobaki. Alichukua kichupa kingine mwenyewe, akarudi stoo. Safari hii Mtakatifu Yosefu alikuwa bado anatazama ukuta na hakuna aliyemwomba radhi.

Herieth alimwachia kiti. Mansuetus alitazama. Vidoa vile vya juzi vilikuwepo, vikicheza kama masizi, wala havikuwa zaidi ya takataka. Herieth alimwonyesha na vingine, vichache, vyenye mkia. Hivyo ndivyo vilivyotakiwa kuogelea. Vilikuwa vimelala. Vilitikisika kidogo viliposukumwa, vikalala tena. Mansuetus alikisogeza kioo kidogo kidogo, kutoka ukingo hadi ukingo, akitafuta hata mmoja mwenye safari. Alikizunguka chote. Alianza tena.

Aliumia, niseme tu. Kwanza alihisi aibu, halafu woga, halafu hasira juu ya huyu mwanamke wa Ngumbo na kioo chake. Na nyuma ya vyote hivyo alimwona Vitalia akinyoosha kitenge kwa kiganja na kusema kama ni mimi, ni mimi.

"Uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa mkubwa mkubwa hivi?" Herieth aliuliza.

Aliwahi. Mwaka wa kipaimara, alivimba mashavu na kwingineko, na watoto walimwimbia wimbo ambao sitauandika.

"Inaweza kuwa hayo; huharibu mbegu. Hospitali kubwa wataangalia zaidi, ila siwezi kukuahidi kitu, baba."

"Utamwambia nani?"

"Simwambii mtu. Kazi yangu ni kunyamaza. Kusema ni juu yako."

Na hapo palikuwa na mtego, kwa sababu Mansuetus hakuwa na haja ya kusema. Kijiji kizima kilimwamini. Angefumba mdomo tu, Vitalia angeondoka kwa heshima yake ya uongo, naye angeletewa binti mwingine, akamlisha dagaa. Alipanda vilima viwili akiligeuza wazo hilo, na sitamsingizia utakatifu: lilimvutia. Jumamosi nzima hakusema kitu. Vitalia alifunga sanduku kwa kamba.

Jumapili sengu ilikaa kwa Othmar. Vyungu vililetwa kutoka kila nyumba, na cha Vitalia kilikuwa cha maharagwe. Wanaume walikula. Othmar alirudia maharagwe, akajilamba kidole gumba, akasema mwanamke huyu anajua kupika, Mungu ambariki, na kesho asubuhi arudishwe kwao.

"Aende na nguo zake tu," aliongeza Joakim. "Vyombo vibaki."

Mansuetus alisimama. Akavua kofia.

"Baba mkubwa, naomba kuuliza. Ngolo inalimwaje?"

Watu walitazamana. Kuuliza Wamatengo ngolo inalimwaje, yale mashimo yao ya mteremkoni, ni kuwauliza mguu upi unatangulia.

"Umeshalewa?" alisema Othmar.

"Naomba jibu, baba mkubwa."

"Mwanamume anafyeka majani, anayalaza miraba miraba. Mwanamke anakuja, anayafukia udongo, anapanda. Mtoto mdogo anajua."

"Na mwanamume asipolaza majani, mwanamke anafukia nini?"

Othmar alishusha tonge alilokuwa ameshika.

"Mimi sijalaza kitu," alisema Mansuetus. "Tangu ndoa. Vitalia amekuwa akifukia hewa."

Joakim alikuwa wa kwanza kucheka. "Lakini si ulisema wanacheza? Timu nzima uwanjani?"

"Hata masizi hucheza, ndugu yangu. Nimeyakwangua mwenyewe chini ya sufuria, nimeyatia kwenye maji yaliyochemka mbele ya macho yangu, na yamecheza kuliko sisi siku ya Noeli. Maji yanayasukuma. Kucheza si kuwa hai. Aliye hai anakwenda mahali, na katika vitu vyangu hakuna anayekwenda. Nimetafuta kioo kizima."

Kelele zilizofuata sizielezi zote. Mmoja alisema amelogwa na yule Mnyasa wa ziwani. Mwingine alitaka kujua masizi ya sufuria ipi. Mwingine alisema mambo haya hayasemwi mbele ya chakula, akaendelea kula. Joakim alicheka akajishika mbavu. Othmar peke yake aliacha kula. Alimtazama Mansuetus kwa muda, na masikio yake yale, kwa mara moja, yalisikia kitu asichokitaka.

"Kama ni hivyo," alisema Othmar, "sisi hatuna kesi na mwanamke yule. Mwenye kesi ni yeye, juu yetu. Wewe nenda kamwulize kama bado anakutaka." Kisha akavuta chungu. "Maharagwe yaacheni."

Vitalia alikuwa amekaa mlangoni, sanduku kando yake, viatu vya kanisani miguuni. Mansuetus alimwambia yote akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Alitegemea machozi. Pengine, moyoni, alitegemea na shukrani, maana alijiona shujaa.

"Nimekula dagaa," alisema Vitalia.

"Najua."

"Hujui. Nimenukia dagaa kwenye komunyo. Dada yako ameniita mti mkavu mbele ya wanawake wote wa jumuiya, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilidhani huenda anasema kweli. Nilidhani ni mimi, Mansuetus, na sista amekosea. Usiku nililala nikiuomba mwili wangu msamaha."

Hapo hakuwa na huzuni. Alikuwa na hasira, na ilimpendeza kuwa nayo. Ilikuwa imechelewa sana kufika.

"Nisamehe," alisema Mansuetus.

"Tutaona. Kwa sasa nabaki. Sibaki kwa huruma ya baba zako, wala kwa ajili yako. Ile kahawa ya bondeni nimeipanda mimi, na simwachii mwanamke mwingine aje kuichuma. Ila sharti lipo." Alivua viatu, kimoja kimoja. "Kote ulikotangaza ushindi wako, rudi. Uwaambie na hili. Kwa sauti ile ile."

Naye alirudi, kuanzia asubuhi yake. Kwenye mzani mnunuzi mmoja alicheka akakosea uzito, na kwa mara ya kwanza alikosea kwa faida ya mkulima. Uani mwa kanisa alimkuta Marselina, akamweleza mbele ya kina mama wengine. Marselina alifungua mdomo, akaufunga, akakaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa khanga. Jioni alionekana akienda kwa wifi yake mikono mitupu, na walikaa ndani muda mrefu. Padre alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini sista analalamika kwamba mtu amegeuza sanamu.

Kilabuni palikuwa pagumu kuliko kote. Jua bado lilikuwa juu na mabenchi yalikuwa yamejaa. Mansuetus alisimama kati, akasema, na alipofika kwenye masizi kibanda kizima kiliangua kicheko. Watu walimwagikiwa pombe. Walimtungia jina palepale, Kapteni, kwa sababu ya timu isiyokwenda popote, na jina hilo analo mpaka leo. Joakim alicheka kuwapita wote. Alipiga meza, akadai arudie ile sehemu ya sufuria, Mansuetus akairudia.

Kisha akatoka, akazunguka nyuma ya kibanda, mahali wanaume wanaposimama wakielekea ukuta. Alikuwa amejikaza vya kutosha. Hapo akasikia hatua, na Joakim akaja akasimama kando yake, akautazama ukuta.

"Huyo dada wa zahanati," alisema Joakim. "Yupo siku gani?"

"Siku zote, ila Jumapili."

"Hawezi kukosea?"

"Hakuambii kitu. Anakupisha utazame mwenyewe."

Ndani walikuwa bado wanacheka, mmoja akiigiza masizi yanavyoruka. Joakim alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Restituta ana wangapi sasa, huko Ngumbo?"

"Watatu, nasikia. Na tumbo jingine."

Joakim alikaa chini. Alikaa pale pale, kwenye matope ambayo wote mnajua ni ya nini, na suruali yake mpya ya mtumba. Mansuetus alimshika mkono kumwinua, lakini mwenzake hakuinuka.

"Siku niliyomrudisha ilikuwa inanyesha," alisema Joakim. "Mwavuli nilikuwa nao. Nikamwambia ni wa nyumba yangu, ubaki."

Mansuetus aliuachia mkono wake. Akachuchumaa kando yake, na wakabaki hapo.